Dashibodi Yangu Iling'aa Mpaka Ikanigongesha Kisiki Mtera

Kwa miaka 11 niliendesha daladala hapa Dodoma mjini, na kama kuna kitu kilichonipa jina stendi ni dashibodi yangu. Kila Jumapili jioni niliipulizia yale mafuta ya kopo yanayonukia ndimu, nikaisugua kwa soksi kuukuu mpaka najiona meno. Abiria wa kiti cha mbele akiketi, lazima aseme neno. Naanza na hili kwa sababu kosa nitakalolisimulia sikuliokota bwawani. Nilikwenda nalo kutoka stendi.

Mwaka 2021 niliuza gari, nikaongezea akiba na mkopo wa kikundi, nikanunua boti iliyotumika kutoka Dar es Salaam. Si mtumbwi wa mbao. Ni boti ya faiba, mita tano na nusu, ina usukani kama wa gari, kioo cha mbele kilicholalia nyuma na mashine ya farasi 40. Mwenyewe alikuwa anaitumia kwa matembezi ya baharini. Mimi niliitaka kwa kazi: siku za wiki nizungukie kambi za wavuvi Bwawa la Mtera, nikusanye perege na kambale, nipeleke mjini, mwisho wa wiki nitembeze wageni wanaopenda kutazama viboko na ndege. Boti ikapanda lori, ikapita Morogoro, ikafika Dodoma ikiwa nzima, mimi nikiwa sina hata nauli.

Kwa asiyeijua Mtera: ni kama kilomita 120 kusini mwa mji, barabara ya Iringa, na barabara yenyewe inapita juu ya ukuta wa bwawa. Lilijengwa miaka ya 1970 kuhifadhi maji ya Ruaha Mkuu ili mitambo ya Kidatu huko chini isikaukiwe, na baadaye nalo likafungiwa mitambo yake ya megawati 80. Likijaa linapita kilomita za mraba 600. Sasa shika hili, ndilo lenye hadithi: maji yalipopanda yaliikuta miti imesimama, nayo ikafia humohumo. Mpaka leo iko, myeusi, mingine mirefu kama nguzo za umeme, mingine imekatikia usawa wa maji. Kiangazi maji yakishuka, visiki vilivyokuwa vimelala chini vinaanza kuchungulia. Mvuvi wa Mtera anavijua kimoja kimoja kama unavyoyajua mashimo ya mtaa wako. Mgeni hana hiyo elimu; ana macho tu.

Na mimi macho yangu niliyatia kiwi kwa hela yangu mwenyewe.

Boti ilifika imefubaa. Faiba ikikaa juani miaka mingi, ile ngozi yake ya juu, mafundi wanaiita jelikoti, inakuwa kama imepakwa chaki; ukipitisha kidole kinatoka na unga mweupe. Kwa dashibodi ule ufubavu ulikuwa neema, ila sikujua. Nilikodi mashine ya kupolishia magari gereji moja ya Kizota, nikanunua kompaundi na nta, jumla 70,000. Mimi na dogo ninayefanya naye kazi tukasugua siku mbili. Juu ya dashibodi, ambayo ni faiba nyeupe hiyohiyo, nikamalizia na mafuta yangu ya ndimu. Dogo akainama, akajitazama, akasema, "Kaka, hii sasa ni sinki la hotelini."

Siku ya kwanza tulitoka saa moja asubuhi, raha tupu. Ilipofika saa nne, jua limepanda, nikaanza kuona kitu kama shuka jeupe limetandikwa juu ya maji mbele yangu. Nikipunguza mwendo lipo, nikigeuka linageuka nami. Ndani ya hilo shuka nikaona vidole vyangu, kola ya shati langu jeupe, na daftari la risiti limesimama wima katikati ya bwawa kama jengo. Ilikuwa dashibodi. Kioo kilichoinama kilikuwa kinaichukua na kuniwekea machoni, juu ya kile nilichopaswa kukiona.

Udereva wangu ulinidanganya hapa. Barabarani tumezoea kwamba adui ni jua la mbele. Likiwa mgongoni unashukuru Mungu. Kwenye boti isiyo na paa ni kinyume. Jua la mbele linawasha maji, kweli, na hilo ni tatizo lake. Lakini jua likiwa utosini au limekaa nyuma yako kidogo, linamulika dashibodi yote, na dashibodi inamulika kioo. Kwa hiyo kuna viwi viwili, cha maji na cha dashibodi, na dawa zake si moja. Ningelijua hilo siku ile ningeokoa fedha nyingi, maana kila nilichofanya baada ya hapo nilichanganya kimoja na kingine.

Kwanza niliamini kioo ni kichafu. Nikachovya kitambaa kwenye thina, nikasugua kwa nguvu za mtu mwenye hasira. Kumbe kile si kioo. Ni plastiki ngumu, akriliki, ileile wanayotengenezea mabango ya maduka. Akriliki haipatani na thina, wala petroli, wala vile visafishio vya vioo vyenye amonia. Baada ya siku chache ikaota nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na kila ufa ukawa unashika jua peke yake. Nilikuwa na kiwi kimoja, nikawa na elfu. Fundi wa mabango pale mjini alinikatia kipande kipya, akakitoboa matundu kwa kufuata kile cha zamani: 85,000. Yeye ndiye aliyenifundisha kukisafisha, na sijaacha mpaka leo. Unamwaga maji mengi kwanza ili vumbi liondoke lenyewe, kisha sabuni laini ya maji na kitambaa cha pamba kilicholowa. Kufuta vumbi la Dodoma likiwa kavu juu ya plastiki ni sawa na kupitisha msasa.

Kioo kipya, shuka jeupe lilelile.

Nikaenda kwa mafundi wa tinti. Hili najua wengi wangelifanya, maana ukiambiwa mwanga mkali unawaza giza. Wakanibandikia tinti ya wastani, 60,000. Siku hiyo nilikuwa na mteja wangu wa kambale, mwalimu wa fizikia sekondari, aliyeomba kupanda ili akaone wanavyovua. Tulipofika katikati nikawa nalalamika: mbona sasa ni vibaya kuliko mwanzo? Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akauliza tinti iko wapi na dashibodi iko wapi.

"Kaka yangu," akasema, "tinti inazuia mwanga unaotoka nje kuja kwako. Huu wa dashibodi hautoki nje. Unaruka kutoka hapa chini, unagonga ngozi ya ndani ya kioo, unarudi machoni kwako. Haujapita kwenye tinti kabisa. Umezima taa ya sebuleni ukaacha ya jikoni, halafu unashangaa jikoni kunawaka."

Akaniambia pia kwamba kioo safi kikitazamwa moja kwa moja kila uso wake unarudisha kama asilimia 4 ya mwanga, na kikiwa kimeinama ukakitazama kwa ubavu kinarudisha zaidi. Nikamwambia asilimia 4 ni nini, Mwalimu? Akanionyesha dashibodi nyeupe chini ya jua la saa sita, kisha akanionyesha kisiki cheusi kule mbele. Asilimia 4 ya kitu kinachowaka vile, akasema, ni nyingi kuliko mwanga wote unaotoka kwenye kile kisiki.

Nilimsikia, nikakubali kwa kichwa, na nilipomshusha nikaendelea na biashara yangu. Tinti nilikuja kuibandua baadaye kwa 20,000, tena baada ya jioni moja saa kumi na mbili na nusu nilipokosa kabisa kuona mtumbwi uliokuwa mbele yangu. Tinti kwenye kioo cha boti, jioni, ni jambo la kuogopwa.

Oktoba ikafika. Huku kwetu huo ndio mwezi mbaya kuliko yote kwa jambo hili. Mtera iko kama digrii 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita linakaa utosini hasa kwenye wiki ya pili ya Oktoba, na tena mwanzoni mwa Machi. Na Oktoba maji nayo yako chini kabisa, mvua bado. Jua liko juu kupita siku zote, visiki viko wazi kupita siku zote.

Tulikuwa tunarudi kutoka upande wa Migoli, matenga sita ya perege na barafu, saa sita na nusu. Nilikuwa naenda taratibu lakini si taratibu ya kutosha. Nikamwona yangeyange mbele, mweupe, amesimama hewani. Nasema hewani kwa sababu chini yake sikuona kitu. Nilimwona ndege, sikuona alichokikanyaga. Akili ya mtu ni ya ajabu: nilitabasamu. Nikasema moyoni, tazama ndege anavyoelea. Dogo alikuwa ameketi mbele kabisa, nje ya kioo, yeye akaona yote. Akapiga ukelele, "Kaka, gogo!" Nikakata usukani, ubavu ukapona, mashine haikupona. Kishindo kile nakisikia mpaka leo nikilala vibaya.

Propela ilivunjika mabawa mawili. Dogo aligonga kidevu, akatoka damu kidogo. Matenga mawili yakamwagika. Tulikuwa tumevaa jaketi okozi wote wawili, na hilo sijisifu, ni kwamba siku iliyotangulia nilikuwa nimebeba wageni nikasahau kuzirudisha stoo. Ziwa lile lina mamba na viboko. Nilikaa pale natetemeka na kasia moja mkononi, boti inazunguka taratibu.

Aliyetukuta ni mzee mmoja mvuvi, peke yake kwenye mtumbwi, kaniki begani. Hakuuliza chochote kwanza. "Mbukwenyi," akasema, na ikabidi tuitikie salamu vizuri mpaka mwisho, boti haina mashine, dogo anatoka damu. Nikampa shikamoo yake. Ndipo akafunga kamba, akapanda kwetu kutazama kulikoni, na kwa vile alikuwa hajawahi kuona boti ya usukani kwa karibu, akaomba akae kwenye kiti changu. Akakaa. Akatazama mbele. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, wewe unaendesha huku unatazama sahani!"

Akavua kaniki yake, akaitupa juu ya dashibodi upande wa kulia. "Njoo ukae uone." Nikakaa. Upande wa kushoto, ambako kaniki haikufika, lile shuka jeupe lilikuwepo. Upande wa kulia bwawa lilikuwa limerudi. Niliona maji yana rangi. Niliona visiki vinne ambavyo dakika tano nyuma havikuwepo duniani. Kilichokuwa kinatenganisha pande zile mbili ni ukingo wa kitambaa cheusi kilichochakaa, chenye magamba ya samaki.

Nilifedheheka kuliko nilivyofurahi. Mwalimu alikuwa ameniambia hilohilo kwa maneno, tena akiwa amenyoosha kidole.

Propela mpya na kunyoosha mguu wa mashine, 380,000. Wiki mbili bila kazi sizihesabu.

Basi ukitaka kuchukua kitu kimoja kabla hujatoa hata shilingi, kichukue hiki: funika dashibodi kwa kitambaa cheusi kisichong'aa, saa sita mchana, kaa kwenye kiti, tazama. Kiwi kikiondoka, ujue kioo chako hakina kosa na usikiguse. Kikibaki, cha kwako ni cha maji au cha kioo kilichochubuka. Jaribio la dakika moja.

Kwa ajili ya kiwi cha maji nilinunua miwani. Kwanza ya 5,000, myeusi ti, ya mitaani. Hiyo ni tinti ya usoni tu, inatia giza kila kitu kwa usawa. Baadaye duka la miwani wakanionyesha ya polaraizi, 45,000. Mwanga ukidunda juu ya kitu bapa kilicholala, kama maji, hutetema zaidi upande mmoja, na lenzi hizi hukatalia mbali upande huo. Nilipoivaa bwawani nikaona mpaka majani chini ya maji kwenye kina kifupi. Visiki vilivyozama futi moja vikajitokeza. Kiwi cha dashibodi nacho kilipungua, ila hakikuisha. Kuitambua ya kweli dukani: tazama skrini ya simu kupitia miwani kisha izungushe taratibu kama unageuza saa. Kwa simu nyingi skrini itaingia giza mahali fulani na kurudi. Isipobadilika kamwe, mashaka. Tabia hiyohiyo itakusumbua kazini, maana simu ya kutazamia ramani inaweza kuonekana imezimika kumbe umeigeuza tu. Na kwenye akriliki, karibu na skrubu zilizokazwa sana, utaona madoa ya rangi za upinde wa mvua. Nilidhani macho yameharibika. Ni plastiki iliyobanwa, macho hayana shida.

Dashibodi yenyewe ndiyo iliyonipa elimu ndefu zaidi. Kaniki ya mzee nilikuwa nayo bado (aliniachia, akasema nitamrudishia tukionana), lakini kitambaa kinapeperuka, na Agosti upepo wa huku unang'oa hata mabati. Nikataka kitu cha kudumu. Kapeti nilikataa mapema. Kapeti kwenye boti ya samaki, wiki moja utaivua mwenyewe kwa harufu. Nikaamua rangi. Nikakumbuka rangi ya ubao wa shule, ile nyeusi isiyo na mng'ao hata kidogo, kwa sababu ubao uking'aa watoto wa pembeni hawasomi. Inauzwa duka la vifaa vya ujenzi, si ghali.

Nikafuta dashibodi kwa kitambaa kibichi, nikapaka. Rangi ikakimbia. Sijui nieleze vipi: ilijikusanya, ikaacha vishimo vidogo vya mviringo kila mahali, kama maji uliyomwagia chapati yenye mafuta. Nikapaka tena juu yake, vishimo vikarudi palepale. Zikaenda 22,000. Nikamwita fundi wa kupuliza magari. Alitazama, hata hakugusa.

"Bosi, hapa ulishapaka silikoni."

Mafuta yangu ya ndimu. Silikoni ikishaingia, rangi haishiki, na mbaya zaidi, ukiwahi na msasa unaizidishia, unaisukuma ndani ya mikwaruzo. Unaanza na kuosha: maji ya moto na sabuni ya vyombo, mara mbili. Halafu tapentaini, na kila unapopitisha unabadili kitambaa, maana kitambaa kilekile kinahamisha mafuta kutoka hapa kwenda pale. Ndipo unashika msasa, namba 180, kisha 320, mpaka ile rangi yangu ya kwanza na mng'ao wote wa jelikoti umekufa. Praima, yaani rangi ya kushikia chini. Halafu rangi yenyewe, mipako miwili myembamba kwa rola ndogo ya sponji, mmoja jioni, mwingine kesho yake. Brashi inaacha michirizi, na michirizi inashika jua.

Kabla ya kupaka mara hii ya pili kuna jambo nililigundua kwa bahati. Nilikuwa nimekaa kitini, dogo akaweka daftari la risiti juu ya dashibodi pembeni, na sikuliona kwenye kioo. Akalisogeza kiganja kimoja, likatokea. Nikamwambia rudisha, peleka mbele, peleka kushoto. Kumbe si dashibodi yote inayoingia kwenye kioo kwa jicho la nahodha. Ni eneo fulani tu. Tukachukua karatasi nyeupe, mimi nimekaa, yeye anaipitisha, kila inapotokea kwenye kioo anaweka alama ya chaki. Kisha nikasimama, maana kwenye visiki huwa naendesha nimesimama, tukarudia. Eneo likahama na kuongezeka. Tulipounganisha chaki zote, ilikuwa chini ya nusu ya dashibodi.

Hilo lilikuwa na faida kubwa kuliko kuokoa rangi. Cheusi kinakula joto. Ile sehemu niliyoipaka, saa saba mchana huwezi kuiwekea kiganja, na simu niliyoisahau juu yake ilijizima kwa kupata moto. Fikiria ingekuwa yote. Sehemu nyingine niliisugua msasa tu, nikaiacha jivujivu. Si nzuri. Mteja mmoja aliniuliza kama boti iliungua.

Nilifikiri pia kijivu iliyokolea badala ya nyeusi, na kama boti yako haina paa na unaegemea dashibodi mara kwa mara, mimi ningekushauri hiyo. Kiwi kitabaki kidogo, mikono itapona. Mimi nilichukua nyeusi kwa sababu nilishagonga.

Kivuli kilimalizia kazi. Boti ilikuja na fremu ya mabomba bila kitambaa. Fundi wa viti vya magari kule Majengo akanishonea turubai ya pamba, 30,000, fremu ni yangu. Jua la mchana halifiki tena kwenye dashibodi, na kisichomulikwa hakina cha kurudisha. Asubuhi na jioni jua linapenya chini yake, ndipo rangi inapofanya kazi. Usikubali turubai ya plastiki inayong'aa kwa sababu tu ni rahisi kuosha.

Vidogovidogo: pete ya dira ilikuwa ya kuchovya inayometa, nikaizungushia tepu ya kitambaa, si ile ya umeme, ile nayo inang'aa. Reli ya chuma mbele ya usukani nimeifunga kamba nyeusi. Kifuniko kinachoshikwa kwa sumaku karibu na dira, hapana kabisa, dira itakudanganya njia. Daftari la risiti linakaa droo. Shati jeupe nimeliachia kanisani. Kazini navaa la bluu. Na mkono wenye mafuta ya samaki ukishika rangi ya ubao unaacha doa linalong'aa, kwa hiyo kila jioni dogo anaosha kwa sabuni tupu. Siku moja nilimkuta ameshika kopo la ndimu. Alikuwa analitoa kwenye sanduku alitupe, lakini moyo ulinilipuka.

Nilipiga hesabu usiku mmoja. Kupolishi, kioo, tinti na kuibandua, miwani ya giza, propela, rangi ya kwanza: 642,000. Vilivyotibu, yaani miwani ya polaraizi, rangi ya pili na msasa wake ya 26,000, na turubai: 101,000. Mke wangu aliiona ile karatasi. Hakusema kitu, aliikunja akaiweka kwenye Biblia yake, na bado iko humo.

Mzee nilikuja kumpata wiki ya tatu, kambini kwao. Nilikuwa nimemnunulia kaniki mbili mpya Majengo, na ile yake nimeifua nikaikunja. Alipokea moja mpya, akasema mbili ni za nini, ana mabega mangapi. Ya zamani akainusa, akanirudishia. Inanuka petroli, akasema, na samaki wangu hawapendi. Kwa hiyo ninazo mbili, mpya na kuukuu, chini ya kiti, na mgeni akija na koti jeupe akataka kukaa karibu na usukani, namkabidhi ile mpya ajitande, namwambia ni upepo.